Rimoti ya Gari Ikigoma: Betri, Programu au Ufunguo Mpya?

Ubishi usiokwisha

Rimoti ya gari ikiacha kufanya kazi, mwenye gari hupata ushauri wa kila aina kabla hata hajafika gereji. Jirani atamwambia ni betri, abadilishe tu. Fundi umeme atasema programu imefutika. Muuza spea atamtolea ufunguo mpya kabisa kabatini, na mwingine atamshauri aachane na mambo ya rimoti, mfumo wote ung'olewe, gari liwe linawashwa kwa ufunguo wa kuchonga kama magari ya zamani. Kila mmoja ana mfano wa gari alilolitibu hivyo likapona. Ndiyo maana ubishi haukwishi: wote wamewahi kuwa sahihi.

Anayelipia ubishi huu ni mwenye gari. Kati ya bei ya betri ndogo ya kidonge na bei ya ufunguo mpya wa gari la kuwashwa kwa kubonyeza, tofauti inaweza kufika mara mia. Wako walionunua ufunguo wakati tatizo lilikuwa kikucha cha bati kilichopinda, na wako waliobadilisha betri tatu mfululizo huku kilichoharibika kikiwa swichi ya breki. Hatua iliyorukwa katika visa hivyo vyote ni moja: hakuna aliyeuliza ni sehemu gani hasa imekufa.

Kipande kimoja, kazi nne

Kufungua mlango kwa kitufe cha mbali kulianza kuonekana kwenye magari ya kawaida mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Renault Fuego ya mwaka 1982 hutajwa miongoni mwa ya kwanza. Kinga inayozuia injini isiwake bila ufunguo wenye chipu, ambayo mafundi wetu huiita imobilaiza, ilienea Ulaya baada ya Umoja wa Ulaya kuifanya lazima kwa magari mapya kuanzia Oktoba 1998. Karibu na wakati huohuo Mercedes-Benz ikaleta ufunguo unaokaa mfukoni: mwenye gari akishika kitasa, mlango unafunguka. Hizo ni teknolojia tatu zilizozaliwa kwa nyakati tofauti na kwa shida tofauti. Leo zimebanwa ndani ya plastiki moja ya kutosha kiganjani, na ule ufunguo wa chuma wa zamani umechomekwa ubavuni.

Kwa hiyo ufunguo wa Toyota Harrier au Nissan X-Trail ya kubonyeza, ule unaoitwa smati kii, una kazi nne ndani yake. Kuna chuma cha kufungulia mlango kwa mkono. Kuna rimoti yenyewe, yaani vitufe vinavyotuma mawimbi ya redio. Kuna chipu ya imobilaiza, ambayo haitumii betri ya ufunguo hata kidogo. Gari ndilo linaloipa nguvu kwa usumaku wa koili iliyozunguka swichi au iliyofichwa nyuma ya kitufe cha kuwashia. Na kuna mfumo wa ukaribu: gari hutoa wito kwa masafa ya chini, kama kilohezi 125 au 134, wito usiovuka mita moja au mbili, na ufunguo ukiusikia hujibu kwa redio.

Kazi hizi hufa moja moja, na hapo ndipo uchunguzi unapoanzia, tena bila kifaa chochote. Kama vitufe havifanyi kazi lakini gari linawaka vizuri ufunguo ukiwa mfukoni, betri ina nguvu na redio inatuma. Kilichochoka ni vitufe vyenyewe. Kama vitufe vinafanya kazi lakini mlango haufunguki kwa kushika kitasa, sehemu inayosikia wito ndiyo yenye mashaka, au mfumo wa ukaribu umezimwa. Kama kila kitu kimekufa, kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, na ubonyeze. Toyota nyingi hulia mlio mfupi na kukubali kuwaka, kwa sababu chipu isiyohitaji betri ndiyo iliyosomwa. Gari likiwaka kwa njia hiyo, chipu ni nzima, kompyuta inaitambua, na hakuna programu yoyote iliyofutika katika imobilaiza. Maneno mengi ya gereji yangekwisha kwa jaribio hili moja la sekunde kumi.

Hoja ya betri, nguvu yake na mipaka yake

Wanaosema ni betri wako sahihi mara nyingi kuliko wapinzani wao. Ufunguo wa smati hausubiri kubonyezwa. Unasikiliza saa zote. Vitabu vya mwongozo vya Toyota hutaja mwaka mmoja hadi miwili kuwa umri wa kawaida wa betri yake, na huonya kwamba ufunguo uliolazwa karibu na televisheni, kompyuta au chaja unaweza kumaliza betri mapema, kwa sababu usumaku wa vyombo hivyo huuamsha kila mara. Ufunguo unaotundikwa ukutani hatua mbili tu kutoka gari lilipoegeshwa hupata shida hiyohiyo.

Betri inayochoka hutoa dalili mapema. Umbali unapungua: jana ulifungulia ng'ambo ya barabara, leo lazima usimame mlangoni. Taa ndogo ya ufunguo inafifia. Baadhi ya magari huandika onyo kwenye dashibodi. Rimoti iliyokuwa nzima asubuhi ikafa kabisa mchana, hasa baada ya kuanguka au kulowa, ina hadithi nyingine.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba watu huiona ni nyepesi mno, wakaifanya ovyo. Betri za kidonge zinafanana machoni. Katika CR2032, tarakimu mbili za kwanza ni upana wa milimita 20 na mbili za mwisho ni unene wa milimita 3.2. Ukiweka CR2025 mahali pake, inakaa vizuri, volti ni zilezile 3, lakini ni nyembamba kwa milimita 0.7, na ufunguo ukitikisika mguso unakatika. Mita nayo inaweza kudanganya: betri iliyochoka huonyesha karibu volti 3 ikiwa haina kazi, kisha huporomoka pale rimoti inapojaribu kutuma. Kupima bila mzigo hakutoshi. Njia rahisi kuliko mita ni kuweka betri mpya ya kuaminika, iliyotolewa kwenye pakiti yake mbele yako.

Na ufunguo ukishafunguliwa, betri isiwe kitu pekee kinachotazamwa. Chomoa ufunguo wa chuma. Kwa aina nyingi utaona ufa mdogo mahali ulipokaa. Ingiza bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, izungushe polepole mpaka kava liachie. Ndani kuna mpira wa vitufe, bodi ndogo, na betri iliyobanwa na vikucha vya bati. Tazama vikucha hivyo kwa mwanga mzuri. Kikiwa kimelala, hakigusi betri. Kikiwa na ukungu wa kijani au mweupe, unyevu umeingia, jambo ambalo wakazi wa Tanga, Mombasa na Unguja wanalijua kutokana na hewa ya chumvi. Safisha kwa pamba yenye spiriti, kausha, inua kikucha kidogo. Kisha kagua pale kikucha kilipolehemewa kwenye bodi: ufa mwembamba kama unywele kuzunguka lehemu ni ugonjwa wa kawaida wa funguo zilizoanguka mara nyingi, na fundi simu mwenye mkono mtulivu anaumaliza kwa dakika chache. Vitufe vidogo vilivyochakaa navyo hubadilishwa hivyohivyo. Inasikitisha kuona funguo zinazotupwa kwa kosa la lehemu.

Kuna jaribio moja linalosambaa sana, la kuelekeza rimoti kwenye kamera ya simu na kutafuta mwanga. Hilo hufaa rimoti za televisheni, zinazotumia mwanga wa infraredi, na funguo za baadhi ya Mercedes. Rimoti ya kawaida ya gari hutumia redio, na kamera haioni redio. Kutokuona mwanga hakuthibitishi lolote. Mafundi wa funguo wana kifaa kidogo cha kupimia masafa, na wengi hukuwekea ufunguo juu yake bure.

Jambo la mwisho kuhusu betri halihusu gari. Mtoto akimeza betri ya kidonge, inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Betri ya zamani iliyoachwa mezani baada ya kubadilisha ni hatari kubwa kuliko rimoti bovu. Ifungwe kwa utepe na kuwekwa mbali mara moja.

Kosa likiwa kwenye gari

Hii ndiyo sehemu inayosahaulika zaidi, pengine kwa sababu ufunguo uko mkononi na gari haliko. Kipokezi cha mawimbi, kompyuta ya milango na mota za vitasa vyote hutegemea betri kubwa ya volti 12. Betri hiyo ikiwa nzima na imejaa hupimika karibu volti 12.6, ikishuka sana, gari huacha kumsikia mtu yeyote, hata mwenye ufunguo mpya. Fungua mlango kwa chuma. Taa ya ndani isipowaka au ikawaka kwa unyonge, anza na betri ya gari. Kwenye Toyota nyingi fyuzi zinazolisha mfumo wa smati zimeandikwa DOME na ECU-B. Moja ikiungua, ufunguo mzima utaonekana umekufa.

Swichi ya breki inastahili kutajwa peke yake. Gari la kubonyeza haliwaki mpaka lijue breki imekanyagwa. Swichi hiyo ikifa, au fyuzi yake, dereva anabonyeza na injini haizunguki, na lawama inaenda kwa ufunguo. Kipimo ni kumwomba mtu asimame nyuma ya gari aangalie taa za breki. Zisipowaka, usinunue ufunguo.

Mlango mmoja usiojibu huku mingine ikijibu ni mota au kitasa cha mlango huo. Gari lisilokubali kufungwa kwa rimoti huenda lina mlango usiobana vizuri, au ufunguo wa pili umesahaulika ndani. Rimoti inayokataa mahali pamoja na kukubali kwingine inasumbuliwa na mawimbi: minara, au chaja ya bei rahisi iliyochomekwa ndani ya gari. Ichomoe, ujaribu tena.

Kuna pia mifumo iliyozimwa tu. Toyota Prius za mwaka 2004 hadi 2009 zina swichi chini ya usukani inayozima smati, na goti linaweza kuibonyeza. Baadhi ya funguo mpya zaidi za Toyota zina hali ya kubana matumizi ya betri: ukishikilia kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili, mfumo wa ukaribu unalala mpaka ubonyeze kitufe chochote. Ufunguo ukibanwa mfukoni, hilo linaweza kutokea bila mtu kujua. Halafu kuna alamu za kufungwa mtaani, zenye rimoti zake mbali na ya kiwanda, na vifaa vya kufuatilia magari ya mkopo vinavyoweza kukata umeme wa kuwashia. Fundi asiyeuliza kuhusu alamu na kifaa cha kufuatilia bado hajaanza uchunguzi.

Je, programu hufutika?

Hili ndilo dai linalozua malipo makubwa yasiyo na sababu, kwa hiyo lipimwe kwa makini. Msimbo wa ufunguo huhifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme, upande wa ufunguo na upande wa gari. Kubadilisha betri ya rimoti hakuufuti. Kuacha rimoti bila betri miezi sita hakuufuti. Kuchomoa betri ya gari hakuufuti kwa kawaida.

Kinachoweza kutokea ni kupishana hesabu. Rimoti za kisasa hazitumi msimbo uleule kila mara, maana mwizi angeunasa na kuurudia. Hutumia msimbo unaobadilika kila mbonyezo, na gari hufuata hesabu hiyo. Mfumo maarufu wa aina hii, KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini na kampuni ya Nanoteq katika miaka ya 1980, kisha ukanunuliwa na Microchip ya Marekani mwaka 1995. Mtoto akichezea rimoti mbali na gari, hesabu ya rimoti inakwenda mbele bila gari kujua. Waliobuni waliliona hilo: KeeLoq huvumilia hadi hatua 16 bila tatizo, na zikizidi huhitaji mibonyezo miwili mfululizo karibu na gari ili hesabu zikutane tena. Baadhi ya magari ya Ulaya hutaka ufunguo uchomekwe, swichi ifunguliwe, kisha kitufe kibonyezwe. Hiyo ni kulinganisha upya, kazi ya dakika moja, na haistahili kutozwa kama programu.

Je, wanaosema programu imepotea hukosea daima? Hapana. Kompyuta ya gari ikipata maji, ikibadilishwa, au ikiguswa na mashine ya mtu asiyeijua, funguo zinaweza kufutwa kweli. Betri ya gari ikizidiwa nguvu katikati ya kazi ya programu, kompyuta inaweza kubaki nusu, na ndiyo maana fundi makini huunga chaja kwanza. Lakini matukio hayo yana chanzo kinachoonekana. Rimoti iliyokaa mezani usiku mmoja haiamki imesahau gari lake.

Kuna hatari pia kwa wanaojaribu wenyewe. Baadhi ya Toyota za zamani za ufunguo wa kuchomeka huruhusu rimoti kuandikishwa bila mashine, kwa kuchomeka na kuchomoa ufunguo na kufungua na kufunga mlango kwa mpangilio maalumu. Gari hujibu kwa vitasa: vikifunga na kufungua mara moja, umeingia hali ya kuongeza rimoti, mara mbili, hali ya kuandika upya, ambayo hufuta rimoti zote zilizokuwapo, mara tatu, kuhakiki zilizopo, mara tano, kupiga marufuku rimoti zote. Anayefuata video bila kujua tofauti ya mara moja na mara mbili anaweza kuua rimoti ya pili iliyokuwa nzima nyumbani. Tena, utaratibu huo unahusu vitufe tu. Chipu ya imobilaiza huandikishwa kwa njia nyingine.

Mpya, mtumba au wa kuiga

Bodi ikiwa imekufa kweli, kwa kulowa sana au kupondwa, ufunguo mwingine hauepukiki. Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi utapata aina tatu, na kila moja ina mtego wake.

Wa mtumba huvutia kwa bei. Tatizo ni kwamba funguo nyingi za smati za Toyota hujifunga kwa gari la kwanza zilizoandikishwa. Bila mashine ya kuufungua upya, ufunguo huo hauna kazi hata ukiwa mzima kabisa. Halafu kuna masafa. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia takriban megahezi 312 hadi 315, ilhali ya Ulaya hutumia 433.92. Kava ni lilelile, vitufe ni vilevile, alama ya kampuni ni ileile, na bado havitazungumza kamwe. Gari lililoletwa moja kwa moja kutoka Japani na jingine la aina hiyohiyo lililouzwa jipya Afrika Mashariki huenda hayawezi kubadilishana ufunguo. Dawa ni kulinganisha namba iliyochapishwa kwenye bodi, ndani, na kuukataa ufunguo ambao muuzaji hataki ufunguliwe.

Funguo za kuiga, zikiwemo zile ambazo mashine za kampuni kama Autel na Xhorse huzigeuza ziwe aina unayotaka, zimeboreka sana, na kwa gari la miaka kumi na mitano ni chaguo la busara. Umbali wake wakati mwingine ni mfupi, na betri huisha mapema. Ufunguo halisi kutoka kwa wakala wa kampuni ya gari hudumu zaidi, lakini bei yake kwa gari la mtumba wa zamani mara nyingi haina uwiano na thamani ya gari.

Kubadilisha kava pekee, bodi ileile ikihamishiwa nyumba mpya, kunafaa pale ambapo plastiki ndiyo iliyovunjika. Tahadhari ni moja: kwenye funguo za kuchomeka, chipu ya imobilaiza mara nyingi ni kipande kidogo cheusi kilichobandikwa kwenye plastiki ya zamani, mbali na bodi. Watu huhamisha bodi, hutupa kava la zamani, kisha hushangaa kwa nini gari linafunguka na haliwaki.

Hoja ya kung'oa mfumo

Wanaotetea kuondoa imobilaiza au smati wana hoja isiyostahili kupuuzwa. Gari likigoma mbali na mji, ambako hakuna mwenye mashine, teknolojia hiyo inageuka mzigo. Wanaongeza kwamba mfumo wa ukaribu una udhaifu wake: mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich walionyesha kwa magari 10 ya kampuni 8 kwamba wito wa gari unaweza kurefushwa kwa antena mbili, gari likaamini ufunguo uko mlangoni wakati uko ndani ya nyumba. Kwa nini basi kung'ang'ania?

Hoja hiyo ina ukweli, lakini dawa yake ni kali kuliko ugonjwa. Njia ya mtaani ni kuficha chipu ya ziada karibu na swichi, au kufuta imobilaiza kwenye kompyuta. Zote zina matokeo mamoja: kuanzia siku hiyo, kipande chochote cha chuma kilichochongwa kulingana na swichi kinawasha gari. Wizi wa antena mbili unahitaji vifaa na maandalizi. Wizi wa gari lisilo na imobilaiza hauhitaji hivyo. Bima inaweza kuuliza maswali, na mnunuzi anayejua atashusha bei.

Anayeogopa mfumo wa ukaribu ana njia ya katikati. Anaweza kuzima smati pale gari linaporuhusu, akabaki na vitufe na chipu, au kuweka ufunguo kwenye mfuko wa kuzuia mawimbi. Mfuko ujaribiwe kabla ya kuaminiwa: weka ufunguo ndani, sogea mlangoni, shika kitasa. Mlango ukifunguka, mfuko ni pambo tu.

Wakala au fundi wa mtaani

Wakala ana vifaa vya kiwanda na kumbukumbu za gari, lakini bei ni kubwa, ufunguo huagizwa nje, na magari yaliyokuja ya mtumba kutoka Japani au kupitia Dubai wakati mwingine hayamo kwenye orodha yake. Fundi wa mtaani hufika ulipo, hufanya kazi kwa saa moja, na amezoea zaidi Vitz, IST, Noah na Demio za soko la Japani kuliko mtu mwingine yeyote.

Wasiwasi wa kweli kwa fundi wa mtaani ni uaminifu zaidi kuliko ujuzi. Anayesoma kompyuta ya gari anaweza kubaki na data ya kutengeneza ufunguo mwingine. Kinga haigharimu kitu: mwenye gari asimame hapo, aombe kuonyeshwa kwenye kioo cha mashine idadi ya funguo zilizoandikishwa kabla na baada ya kazi, na kama kuna ufunguo uliopotea, adai ufutwe. Magari mengi yenye imobilaiza hutoa idadi hiyo. Fundi anayekasirishwa na ombi hilo asiguse gari lako.

Kupima uzito

Ukiziweka hoja zote kwenye mizani, zinatofautiana kwa mambo mawili: gharama, na kama unaweza kurudi nyuma ukikosea. Betri, vikucha, fyuzi na taa za breki ni rahisi, na hakuna kinachoharibika ukiwa umekosea. Kulehemu bodi ni hatua ya kati. Kuandikisha upya kunagusa kumbukumbu za gari. Kung'oa imobilaiza hakurudishiki kirahisi. Kwa hiyo hoja ya betri hutangulia hata pale inapoelekea kuwa si kweli, na hoja ya kung'oa hubaki nyuma hata fundi akiitaja kwanza.

Lakini mpangilio huo una sharti ambalo hubadilisha kila kitu: idadi ya funguo ulizonazo. Gari likiwa na ufunguo mmoja unaotambulika, kuongeza wa pili ni kazi nyepesi, kwa sababu ule mzima hutoa idhini. Zikipotea zote, fundi hulazimika kuingia kwenye kompyuta yenyewe, wakati mwingine kuifungua na kusoma kumbukumbu yake, na bei hupanda pamoja na hatari. Mtu aliyebaki na ufunguo mmoja unaolegalega anafanya kosa akiutibu kwa subira. Ufunguo wa pili, hata wa kuiga, uandikishwe wakati wa kwanza bado unazungumza na gari. Hiyo ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika suala hili, na ndiyo watu huiahirisha zaidi.

Chanzo cha upungufu huo wa funguo kiko nyuma zaidi ya gereji. Magari mengi ya mtumba hutua bandarini Dar es Salaam na Mombasa yakiwa na ufunguo mmoja. Mnunuzi hukagua kilomita, rangi na matairi kwenye picha, wala haulizi funguo ni ngapi. Wakala wa kuagiza anaweza kumuuliza muuzaji wa Japani swali hilo kabla fedha haijatumwa, na jibu likaandikwa kwenye ankara pamoja na namba ya chesisi. Ukija mmoja ilhali ziliahidiwa mbili, kuna hati ya kudai punguzo, nalo litoshe kumlipa fundi wa funguo wiki ileile gari linapotoka bandarini.